Vidole Kumi vya Fundi Shee

Haya, jamaa mlokaa dakani, hapa kwenye viti vya mlangoni, na nyinyi mlosimama ndiani mkijifanya mwapita tu, ndooni karibu. Kabla sijasema neno, vueni viatu. Wote. Wewe Bwana mwenye soksi, na soksi pia, hapa haibi mtu. Inama uangalie miguu yako. Hesabu vidole. Kumi? Alhamdulillahi. Vimenyooka? Sasa fumba macho, mwambie jirani yako akuguse ncha ya kidole kwa unyasi. Umesikia? Kama umesikia, kaa ucheke. Kama hukusikia, kaa mbele kabisa, maana maneno haya ni yako.

Mimi ni Fundi Shee, mchonga milango, mtaa wa Mkomani, hapa Amu, yaani Lamu. Shule niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha siku hiyo hiyo, kwa hivyo anayeandika haya ni binti yangu Tima. Mimi kalamu naijua ya kuchorea mbao. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale ya kumsuta mama yake. Amenitazama jicho moja hilo! Tuendelee.

Mtu mwengine akichonga ana mikono miwili. Sisi tuna minne. Twakaa chini sakafuni, ubao mbele yetu, twaubana kwa miguu, vidole vikaukamata huku na huku, mkono mmoja patasi, mkono mwengine nyundo ya mti. Ubao hauendi popote. Ujanani mwangu kidole changu gumba cha mguu kilikuwa kikibana msumari chaung'oa. Siapi, lakini mkinilazimisha n'taapa.

Babu yangu ndiye alonifundisha. Vidole vya babu vilikuwa vimekunjika vyote, vimeinuka katikati kwenye maungio, ncha zimeinama chini zachimba ardhi, kama kucha za kozi alopata kifaranga. Na kila alopita karakanani alisema, "Mashallah, hivyo ndivyo vidole vya fundi. Mti umemjua." Mimi mtoto nikisikia hivyo, nikitazama vidole vyangu vilivyonyooka kama mishumaa, naona haya. Jioni navikunja kwa mkono, vyarudi. Navikunja, vyarudi.

Basi siku moja, nishakuwa mtu mzima mwenye mvi, nikavitazama, vimekunjika vyenyewe! Ncha chini, maungio juu, vyote vinane vidogo, na gumba zafuata. Jamaa, nilifurahi. Wengine hupewa cheti cha karatasi, mimi nimepewa vidole. Nikawa nakaa barazani nimenyoosha miguu kwa makusudi, mpaka wapita ndia wairuke. Wazee wakasema, "Shee sasa amekuwa babu yake." Fundi Kombo, mwenzangu wa karakana, aliona wivu akawa avifunga vidole vyake kwa uzi wa mshipi vipate kupinda. Alitembea kama kuku alofungwa mwezi mzima.

Huo ndio ujinga wetu, na nausema kwa sauti. Ugonjwa uliingia Mkomani mchana kweupe, tukaupigia makofi.

Alama zilikuwapo. Ndara zilikuwa zanivuka zenyewe. Nafika msikitini na moja, nyengine iko sokoni. Juu ya maungio nikaota sugu, kila kidole na yake, kama nimevaa pete za pembe. Chini ya unyayo, hapa mbele, nikawa nahisi nimekanyaga kokoto, nainua mguu, hakuna kokoto. Miguu ikawaka moto miezi, kisha ikanyamaza. Nikasema imepoa. Maji nikawa nanywa mtungi mzima, na nyinyi mwajua maji yakiingia yataka kutoka; nilikuwa napajua chooni kuliko chumbani.

Mke wangu Mwanamkuu aliona. Siku moja alinishika mguu akasema, "Bwana, mguu wako umekuwa mkavu na mgumu kama papa wa kuanika. Nenda hospitali."

"Mtu aenda hospitali kwa sababu ya ufundi?"

"Aenda kwa sababu mkewe amesema."

Sikwenda.

Sasa sikizeni mambo yalivyokuja. Tima alikuwa amechumbiwa. Kwetu mwana wa kike haolewi na sanduku la nguo tu. Babake humpa nyumba, awe na pake, asije mtu akamwambia toka. Nikamjengea orofa juu yetu, chokaa tayari, dari tayari, kumebaki mlango. Nimechonga milango ya watu walotoka nti za mbali wakaja kununua magofu yetu. Mwanangu mwenyewe nimtilie ubao wa dukani? Nikatafuta mbambakofi, mti mgumu mpaka patasi huuomba ruhusa. Nikaanza na mfaa, ule ubao wa katikati ambao mabawa mawili ya mlango hukutana hapo, ndio uso wa mlango wote.

Ilikuwa kaskazi imeanza kuvuma. Niko sakafuni, ubao umebanwa na miguu, naimba zangu, nachonga. Fundi Kombo akaingia na vikombe viwili vya kahawa. Akasimama.

"Shee, mbambakofi yatoa utomvu mwekundu siku hizi?"

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Tazama."

Nikatazama. Patasi ilikuwa imeingia kwenye kidole changu cha pili cha mguu wa kulia, kwenye ncha ile iloinama. Imekaa humo kama iko kwake. Damu imejaa kwenye ua nilokuwa nalichonga, yafuata petali moja moja, imepaka rangi vizuri kuliko mimi. Na mimi nilikuwa bado naimba!

Damu sikuiogopa, jamaa. Nimejikata mara nyingi kuliko nywele nilizo nazo. Niliogopa ule ukimya. Kidole changu kilikuwa chauawa na hakikuniita.

Benchi la kungojea hospitali ni refu kuliko ndia ya kwenda Siyu kwa mashua bila upepo. Nilikaa hapo tangu asubuhi, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuiogopa miguu yangu, nikatazama ya watu. Nikagundua kitu. Kulikuwa na bibi wa buibui, vidole vimekunjika. Kulikuwa na askari wa bara, amevua buti, vimekunjika. Mvuvi, vimekunjika. Nikasema moyoni, subhanallah, wote hawa ni wachonga milango?

Daktari alikuwa mwanamke kutoka bara, Daktari Achieng', mdogo, umri wa Tima. Alikaa kwenye kistuli akauweka mguu wangu kwenye paja lake kama kitoto. Nikaona haya.

"Mzee, hii ilianza lini?"

"Zamani, daktari. Ni ufundi."

"Ufundi wa nini?"

"Wa kuchonga milango."

Akanitazama, akaandika. Sijui aliandika nini, lakini lilikuwa refu. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mgumu kama wa mshipi, akaniambia nifumbe macho, niseme kila nikiguswa. Nikafumba. Nikangoja. Nikangoja sana. Nikasema, "Daktari, anza basi."

"Nimemaliza, mzee."

Hapo ndipo Mwanamkuu, alokuwa amesimama ukutani, alikaa chini.

Nikapimwa damu. Sukari ilikuwa juu mpaka, nawaambia, nzi walokuwa humo chumbani walinigeukia wote kwa heshima. Daktari akanieleza kwa maneno machache, na mimi nawaeleza kwa machache zaidi. Sukari imelewesha mishipa ya kusikia miguuni. Vijinyama vidogo vya mguu, vile vinavyokaza vidole vikae sawa, vimelala. Kamba kubwa zitokazo juu bado zavuta. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba ambao upande mmoja umekwenda kula. Kidole kitafanyaje? Kitakunjika. Kikikunjika, ncha yasugua chini, mgongo wasugua kiatu, na wewe husikii, kinafanya kidonda, na kidonda kikifika mfupani, basi.

"Basi nini?"

"Tutakata, mzee. Kidole, na pengine zaidi."

"Daktari," nikamwambia, "nimekuja na kumi, n'tarudi na kumi. Hata cha kuazima sitaki."

Hakukasirika. Alisema, "Basi tuko pamoja. Mimi nataka vibaki kuliko wewe. Lakini usiponisikiliza nitakata, na sitalia."

Nikampenda papo hapo, kama mwanangu.

Ndiani kurudi nilikwenda nikiitazama miguu yangu hatua kwa hatua. Nilikuwa namfikiria babu. Miaka yake ya mwisho alikaa chumba cha ndani, sisi watoto tumekatazwa kuingia, ubani wachomwa asubuhi na jioni. Tuliambiwa ni jicho la watu, wamemhusudu ufundi. Ulikuwa mguu. Ubani ulikuwa wa kuficha harufu ya mguu ulokuwa waoza. Babu hakuwa na vidole vya fundi. Babu alikuwa mgonjwa, na mji mzima ulimwambia mashallah.

Tima ameacha kuandika kidogo hapa. Ameendelea.

Basi kaskazi yote ilikwenda na bandeji. Kila siku ya pili kliniki, kidonda kioshwe, kichongwe kile kilokufa, kifungwe. Sindano ya sukari tumboni. Nisitembee peku hata ndani ya nyumba. Nisikate sugu kwa wembe. Nisitie mguu kwenye maji moto, maana n'tapika mguu nisijue mpaka nisikie harufu ya supu. Na nisibane ubao kwa miguu, milele. Hilo la milele nililisikia nikajifanya sikulisikia.

Na haluwa, hapana. Kaimati, hapana. Chai iwe chungu. Mwambie mtu wa Amu asile haluwa! Mwambie papa asiingie majini!

Mwanamkuu akawa serikali. Kila baada ya alasiri anivua viatu, avaa miwani, ashika kioo chini ya unyayo, atazama kati ya kidole na kidole kama mtu atafutaye sindano mchangani. Mkebe wa sukari akautia kufuli, ufunguo shingoni. Miaka yote nilikuwa mimi ndiye naamrisha nyumba hii. Tima ameandika "alidhani anaamrisha." Futa.

Hajafuta.

Siku moja akanikuta stoo, nyuma ya gunia la mchele, na bahasha ya haluwa ya kilo. Sikuwa nakula, nilikuwa naiaga. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliweka chini bandeji alizokuwa amebeba, akasema polepole, "Shee, chagua. Haluwa, au mlango wa mwanao. Mimi sifungi kidonda cha mtu anayekilisha." Akavaa buibui akenda kwa dada yake, siku tatu.

Tima ndiye alonifunga zile siku tatu. Siku ya tatu alimaliza kufunga, akabaki ameshika mguu, akasema, "Baba, mlango mimi sitaki. Nitaweka pazia. Wewe kaa na mguu wako."

Pazia! Jamaa, kidonda hakikuniuma, kile kilikuwa bubu. Lile pazia liliniuma mpaka kwenye meno. Binti ya Fundi Shee, mjukuu wa mafundi wanne, aingie nyumbani kwake kwa kufunua kitambaa, kama aingiaye kupima nguo dukani! Na wakwe wakija wabishe hodi wapi, hewani? Nikainuka na gongo langu la kutembelea, nikachukua ile haluwa, nikawamwagia kuku wa jirani. Walitaga mayai matamu wiki nzima. Kisha nikenda kwa shemeji, nikasimama nje nikaita mtaa mzima wasikie: "Mwanamkuu! Haluwa imekwisha! Ndoo unifunge!"

Akachungulia dirishani. "Umekula yote?"

"Waulize kuku!"

Akarudi. Akaja na gongo jengine, la mvule, zuri kuliko langu.

Kidonda kilifunga masika yalipoingia. Mvua yapiga darini, daktari ameshika mguu, ameuminya huku na huku. Akasema, "Umeniibia kidole changu, mzee." Lakini akasema pia, bado vimekunjika, vikibaki hivyo kidonda kitarudi. Vile vilivyo laini, ukivisukuma vyanyooka, hivyo vyatiwa sindano yenye makali, kamba ya chini yakatwa kidogo, kidole chashuka; hivyo alivimaliza pale pale kliniki. Viwili vya mguu wa kulia vimeshakuwa vigumu kama ndoana. Hivyo vyataka kupasuliwa na kutiwa waya. Hilo lafanywa Mombasa.

Watu wakaja kunishauri. Mmoja akasema nifunge vidole kwa kamba ya mnazi. Mwengine akasema Mombasa mtu huingia na miguu akatoka na mkokoteni. Nikawajibu wote, "Hata nikitoka kwa mkokoteni, mlango utachongwa juu ya mkokoteni."

Siku ya kupasuliwa walinidunga ganzi mguuni nikabaki macho. Nesi akaweka pazia la kijani nisione. Mimi na mapazia tena! Nikamwomba aliondoe, akakataa, nikanyoosha shingo kama twiga. Nilimwona daktari wa huko Mombasa achonga. Mkono mzuri, mwepesi, hafuji kazi. Nikamwambia, "Daktari, ukichoka hapa, ndoo Mkomani, kazi ipo." Akacheka mpaka ikabidi asimame kwanza.

Nilipoletewa mguu wangu, yaani nilipouona, vidole viwili vimenyooka, na kutoka katika kila ncha waya umechomoza, una kishanga mwisho. Mishikaki! Mwanamkuu alitazama akasema, "Imebaki ndimu na pilipili."

Wiki sita na mishikaki. Usiloweshe, usikanyage kwa mbele. Udhu napangusa juu ya bandeji kwa mkono wenye maji, sheikh wa msikiti alinionyesha, akasema dini ni nyepesi, Shee, wewe ndiye mzito. Nilikuwa nikisali nimekaa kitini, na hapo ndipo nilipojua vidole vyangu vilikuwa na uchamungu kuliko mimi: miaka yote ile vilikuwa vimesujudu mchana kutwa, mimi bado nimesimama napiga domo.

Niliporudi Amu nilishuka gatini nikapandishwa mkokoteni kweli. Basi mtu wa kwanza kuniona akasema, Fundi Shee kakatwa kidole. Ilipofika sokoni, kakatwa mguu. Ilipofika msikitini, miguu miwili. Mimi nafika Mkomani, nakuta watu watatu wamevaa kanzu kama waendao maziko na Fundi Kombo alia! Nikainua mguu juu ya mkokoteni nikapiga ukelele, "Hesabuni! Hesabuni nyote!" Kombo akahesabu. Akahesabu tena. Akasema, "Kumi. Na waya wa ziada."

Wiki ya pili yake Kombo mwenyewe alikwenda kupimwa kwa ule uzi wa daktari. Alihisi kila mguso. Alipiga kelele mpaka benchi lote likasimama. Mtu mwenye bahati yake.

Waya zilipotoka, kazi ndiyo ikaanza. Nawaambia nyinyi mtakaopita hapo: kunyooshwa ni kwa daktari, kubaki umenyooka ni kwako. Mara tatu kwa siku navivuta vidole kwa mkono kimoja kimoja, nahesabu mpaka thelathini. Kisha taulo sakafuni, nalikusanya kwa vidole. Kisha kokwa za tende. Mwanamkuu alizitandaza kumi, na kikombe: okota kwa vidole vya mguu, tia. Mimi, nilokuwa nang'oa misumari, nikashindwa na kokwa! Yateleza, yakimbia, yanicheka. Kusi lote nimekaa napigana na kokwa. Siku ya kwanza moja ilipolia ndani ya kikombe, ting, Mwanamkuu alipiga kigelegele, majirani wakauliza nani kaolewa.

Viatu nilivyopewa vilikuwa vyeusi, virefu, vipana, kina chake kama kisima. Nilivivaa mara ya kwanza gatini, mtu akaniuliza navuka kwenda Ras Kitau ng'ambo saa ngapi na nachukua abiria wangapi. Lakini vina faida yake. Ndara zangu nimeibiwa msikitini maisha yangu yote. Vile? Nimeviacha nje Ijumaa, nikarudishwa kwa mkokoteni nikavisahau, nimerudi Jumapili, viko, na mtu amevipangusa vumbi kwa huruma. Baadaye Bwana Famau wa Siyu, mshona ngozi, alivifungua akavitazama ndani, akapima mguu wangu kwa ukindu, akanishonea makubadhi ya ngozi laini, yenye kina vile vile, yamefunikwa mbele, ndani hakuna mshono wa kusugua. Daktari Achieng' alipoyaona alitia mkono ndani, akapapasa kila pembe, akauliza, "Huyu Famau ako wapi? Nina wagonjwa wengi."

Sasa ubao. Nilisema lile neno "milele" sikulisikia. Uongo. Nililisikia kila siku. Mfaa wa mlango wa Tima ulikuwa umeegemezwa ukutani, nusu umechongwa, wanitazama. Fundi Kombo akasema kwa wema, "N'takumalizia mimi."

"Ukiugusa n'takufunga tena vidole kwa mshipi."

Nikatengeneza meza ndefu, yenye kunifika kifuani, nikaitia taya mbili za mti na kabari katikati. Wagonga kabari, taya zabana. Vijana wakacheka, Fundi Shee achonga mezani kama mtu akataye samaki. Siku za kwanza mkono haukuijua ndia. Maua yalitoka kama yamepigwa na upepo. Nikayafuta, nikachonga tena. Nikafuta, nikachonga. Nilisema, mguu umefundishwa upya katika uzee, mkono nao utafunzwa, ukitaka usitake. Na leo karakana yetu ina meza tano kama ile. Hawacheki tena. Wanasema migongo yao imepona.

Lile ua lilokuwa na damu sikulifuta. Lipo, chini, jeusi. Na juu, pale usawa wa uso wa mtu mfupi, nikachonga ua moja ambalo halimo katika maua ya babu. Nyinyi mwajua sisi hatuchongi kiumbe. Si ndege, si samaki, si mkono wa mtu. Maua na majani tu. Basi hilo ni ua. Limeinuka katikati, ncha imeinama chini, na pembeni yake yako manne madogo yamefuatana.

Mwanamkuu alikuja na kahawa, chungu, akalitazama. Akautazama mguu wangu. Akalitazama tena. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, acheka mpaka atoa machozi.

"Shee! Hili..."

"Ni ua."

"Ua?"

"Ua. Apa hutasema."

Akaapa, mkono kifuani.

Harusi ikafika. Mlango umesimama, umepakwa mafuta ya simsim, wang'aa. Wanawake wa upande wa mume walipokuja kuiona nyumba, mimi nimesimama kando na ufunguo, nimevaa makubadhi ya Famau, vidole kumi ndani vyote vimelala chali kama watu wa heshima. Mbele yao ni Bi Rehema, bibi yake bwana harusi, mtu wa miaka mia na chenji, mfupi, hakuna anayekohoa akiwa anasema. Akaupapasa mlango kutoka chini. Akapita ua jeusi. Akapanda. Akafika pale.

Akasimama. Akavirudisha vidole chini, akapanda navyo tena. Nikasikia jasho langu ladondoka.

"Hili ua," akasema, "mato yangu hayakuliona tangu nikiwa mtoto. Nyumbani kwa bibi yangu Siyu lilikuwapo lili hili. Mafundi wa leo hawaliwezi. Hili ni ua la baraka, wanangu." Akaliwekea kiganja, akajipangusa uso. Na wale wote nyuma yake, mmoja mmoja, wakaweka viganja, wakajipangusa nyuso.

Nikamtazama Mwanamkuu. Mashavu yamemvimba kama samaki bunju. Nikamkonyeza: umeapa! Akatikisa kichwa: nimeapa. Bi Rehema akashika mfaa kwa mikono miwili, akafumba mato, akasogeza midomo kulibusu lile ua, na mke wangu akapasuka:

"Bi Rehema, wacha! Hicho ni kidole cha mguu cha mume wangu!"